Mwanamke Ambaye Hakuchimba Kisima

Mtaani walimwita Sindano, na jina hilo lilimkaa pande zote mbili. Kwanza alikuwa fundi wa nguo. Pili, ulimi wake ulitoboa kabla hujajua umechomwa wapi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona moja, na benchi la wateja ambalo wateja hawakulikalia kwa sababu mama mkwe wake alishalifanya lake. Hapo bibi huyo alishinda tangu chai ya asubuhi, miguu juu ya kibao, akiangalia nani anapita na nani anaringa.

Hapo ndipo Kinasa alipomkuta bibi.

Jina lake la kweli alilitaja siku ya kwanza na hakuna aliyelishika. Alikuwa na kinasa sauti kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, na alikiweka mapajani mwa watu kwa uangalifu kama anayewapa mtoto mchanga wamshikie. Basi akawa Kinasa. Alisema anakusanya habari za watu wa kisiwa na watu wa uwanda, walivyokutana na walivyoishi, kabla wanaozijua hawajaondoka nazo.

"Kuondoka kwenda wapi?" mama mkwe alimuuliza.

Kinasa akakohoa. "Nina maana, bibi, kabla hazijasahaulika."

"Sema kabla hatujafa. Mimi si mtoto. Haya, kaa."

Akakaa, na bibi akafunguka kama gunia lililokatwa uzi.

Mtaa ule wote ulikuwa wa watu wa kisiwa, ingawa hata ungepanda juu ya paa usingeona maji ya kunawa uso. Ni uwanda mtupu, nyasi mpaka macho yachoke. Wazazi wao walikimbia kisiwa chao maji yalipopanda na kuingia maghalani. Bibi alisimulia jinsi mashua zote zilivyofungwa kwa kamba moja ili ukungu usipoteze hata moja. Jinsi watu wa pwani walivyowakataa, kila kijiji kikiwasukumia kijiji cha mbele. Jinsi walivyotembea na mizigo kichwani hadi wakafika mahali ambapo hakuna aliyewafukuza kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuwafukuza, ila wachunga ng'ombe wawili watatu. Kisiwani kazi yao ilikuwa kusokota kamba za mashua. Uwandani wakasokota kamba za ng'ombe. Kamba haijali inafunga nini.

Sindano mwenyewe hakuwa wa kisiwa. Alizaliwa uwandani, katika nyumba ya wafugaji, akaolewa na msokota kamba. Hadithi za mama mkwe alikuwa amezisikia kwa miaka mingi kiasi kwamba mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mwendo wa simulizi. Bibi akifika kwenye ukungu, Sindano hupunguza kasi bila kujua. Hajawahi kuongeza neno. Hadithi za nyumba ya mume ni za nyumba ya mume.

Kama Kinasa angeuliza habari za kisiwa tu, pasingekuwa na neno. Lakini Sindano aliona jambo. Kuhusu kisiwa aliuliza mara moja akaridhika. Kuhusu kisima, alizunguka na kurudi, akazunguka na kurudi, kama inzi na kidonda.

Kisima kilikuwa mwisho wa mtaa, pale nyumba zinapoishia na nyasi zinapoanza. Watu wa kisiwa walisema, tulichimba sisi, hawa wengine walikuwa wakifukuzana na mvua. Watu wa uwanda walisema, bila sisi kuwaonyesha maji yalipo mngekuwa mifupa. Ulikuwa ugomvi wa kunywea chai, wala hakuna aliyewahi kurusha hata kijiko. Ila siku hizo kulikuwa na maneno kwamba kuna mtu anakitaka kiwanja kile afanye soko la mifugo. Mtu gani, hakuna aliyejua. Na sasa huyu hapa, na kipande chake cha sabuni, anauliza: nani alichimba kwanza? Ardhi ilikuwa ya nani? Yuko hai aliyeshuhudia?

"Na watu wa uwanda walikubali tu, bibi? Hawakudai chochote?"

Sindano aliinua macho, akamtazama viatu. Mtu anayesema anazunguka uwanda mzima kuwasikiliza wazee, viatu vyake havikuwa na vumbi.

Alikuwa na sababu yake ya kuhesabu vumbi la watu. Alipokuwa msichana, mgeni mmoja mwenye maneno matamu alimwendea baba yake, akamuuliza habari za kale: babu alizikwa wapi, nani alikuwa wa kwanza kuchunga upande ule, mpaka uko mti gani. Baba alifurahi, akaeleza siku nzima, akamchinjia kuku. Kiangazi kilichofuata zikaja nguzo na waya. Mgeni hakuonekana tena. Baba hakuwahi kusema kwamba ni yeye, lakini tangu siku hiyo hakumsimulia mtu jambo lolote, hata watoto wake. Alikufa na habari zake zote ndani. Na aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona ung'ong'o hushtuka.

Asubuhi moja Sindano alikwenda kuchota maji akamkuta Kinasa amepiga magoti ukingoni mwa kisima, ameteremsha uzi wenye jiwe, na mkononi ana utepe wa kupimia kama ule wa fundi.

Alirudi na ndoo nusu. Mume wake alikuwa uani, amefunga ncha ya kamba kwenye nguzo, anarudi kinyumenyume huku akisokota.

"Yule mgeni wa mama yako anapima kisima."

"Ee."

"Kwa nini anapima?"

Mume alifikiri, akisokota. "Labda anataka kujua urefu wake."

"Mume wangu, siku moja watakuja kupima na nyumba hii, na wewe utawashikia utepe."

"Wakinishikisha," alisema mume, akarudi hatua nyingine nyuma.

Hapo Sindano akajua kwamba kama kuna wa kufanya jambo, ni yeye.

Fundi akitaka kujua kama kitambaa kinachuja rangi, hagombani nacho. Hukiloweka pamoja na kipande cheupe, akangoja. Kipande kikitoka cheupe, salama. Kikitoka chekundu, mwizi amejulikana. Sindano akaamua kumpa Kinasa kipande cheupe. Atamsimulia hadithi isiyokuwapo, hadithi ambayo haijatamkwa na kinywa chochote duniani ila chake, halafu angoje aone itachomozea wapi. Ikitokea mdomoni mwa watu wakubwa, wenye haja ya kiwanja, basi ametumwa nao.

Nafasi ilikuja siku ya pili yake. Bibi alikuwa amejilaza chumba cha ndani, kichwa kinamuuma, pazia limeshushwa. Kinasa akasema atarudi.

"Kwa nini urudi?" Sindano akasema. "Hata mimi nina midomo miwili, wa juu na wa chini."

Kinasa akacheka, akakaa. Sindano akasimamisha mashine, akageuza kiti, akamtazama usoni.

"Bibi hawezi kukwambia hili. Ni la upande wetu. Kile kisima aliyeanza kukichimba alikuwa mwanamke. Mwanamke wa uwanda."

"Mwanamke?"

"Mrefu. Ana mwanya." Mwanya aliuchukua kwa mteja aliyetoka muda si mrefu kufuata sketi. "Tena mashoto." Hilo alilipata kwenye mkasi uliokuwa umelala mezani upande usio wake. "Aliwaona watu wa kisiwa wamekaa na kiu, watoto wanalia, akaacha kwao akaja na jembe. Wanaume wa kisiwa walimcheka. Alichimba peke yake mpaka kichwa chake hakikuonekana tena, ndipo wakaona haya wakaingia. Lakini kifua chake kilijaa vumbi na baridi ya chini kule. Maji yalipotoka hakuyanywa sana. Walimzika karibu, hawakuweka alama."

Alishangaa jinsi ilivyotoka laini. Alikuwa amekusudia maneno mawili matatu. Yule mwanamke akawa anakuja mwenyewe, na jembe begani.

"Jina lake?" Kinasa aliuliza taratibu.

"Hawakulihifadhi," Sindano akasema. "Si unajua watu."

Kisha akageukia mashine, akashona pindo la suruali, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akalishona upande wa nje.

Hakungoja sana. Kabla ya wiki kwisha, mteja mmoja alikuja kupunguza gauni kiunoni, akasimama mbele ya kioo na kusema, "Kumbe kisima chetu kilichimbwa na mwanamke. Tena alikuwa mashoto."

Sindano akajichoma kidole. "Nani kasema?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu, mama. Kwani watu wana majina?"

Kesho yake habari ilikuwa kisimani kwenyewe. Kesho kutwa muuza duka alimwambia mume wake, na mume akaileta nyumbani kama habari mpya, akaieleza wakati wa kula kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mwezi mzima. Mama mkwe akala kimya, macho chini. Sindano akasema moyoni: kitambaa kimechuja. Nimekupata, Kinasa.

Alikuwa bado anapanga jinsi ya kumnasa aliyenasa wenzake, mlangoni alipotokea Dereva.

Dereva alikuwa mtu wa uwanda aliyetumia maisha yake kuendesha lori la ng'ombe. Sasa alistaafu, mgongo umekataa, akabaki na jina. Watu walimjua kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini. Siku hiyo alivaa koti, wakati jua lilikuwa kali, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe ndiye fundi? Binti wa yule mfugaji wa ng'ambo ya korongo?"

"Ndiye mimi, baba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nasikia habari ya mwanamke imetoka kwako. Alikuwa mashoto?"

Sindano akanyamaza. Mzee akaona ule ukimya ni heshima, akaendelea.

"Nilikuwa na dada. Ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama alikuwa na mdogo wangu. Dada yangu alikuwa mashoto, baba akimpiga kila siku ashike kijiko vizuri. Wale watu wa kisiwa walipopita, mwaka ule, aliondoka asubuhi akasema anakwenda kuwatazama. Hakurudi. Baba alisema amefuata mwanamume, akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Nimeendesha lori uwanda mzima, mama. Kila mji nilioingia niliuliza. Watu walidhani naulizia mke." Akavuta pumzi. "Kumbe alikuwa hapa. Anachimba maji."

"Baba," Sindano alianza, "watu wanaongea mengi..."

"Mwanya sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Lakini labda alikuwa nao. Inawezekana kabisa alikuwa nao." Alishika mlango. "Nimewatumia ndugu zangu habari. Jumamosi tunakuja, tunataka kuonyeshwa pale alipolala. Ahsante sana, mwanangu. Mungu akuweke."

Alipoondoka, Sindano alikaa na mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga. Kisha hofu ikageuka hasira, kwa maana hasira ni rahisi kubeba. Akajifunga kitambaa kichwani, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa Kinasa.

Kinasa alipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ndani mlikuwa na kitanda, kiti, ndoo, na meza yenye waya nyingi. Alikuwa anakula mkate mkavu. Sindano hakungoja kukaribishwa.

"Nani amekutuma?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo iweke kwanza. Yule mwanamke nilikupa wewe peke yako. Leo anatembea mtaa mzima. Umempeleka kwa nani?"

Kinasa aliweka mkate chini. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyechoka.

"Sijampeleka kwa mtu. Na nikwambie ukweli, mama? Sikumwamini."

"Hukumwamini?"

"Siku zote bibi akizungumza wewe unashona. Siku ile ulisimamisha mashine, ukanitazama machoni mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayeuza. Watu wanaokumbuka hawaniangalii mimi. Wanaangalia ukutani, au miguu yao. Nikajua unanijaribu. Ila sikujua kwa nini."

Sindano akahisi masikio yanawaka. Lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa hatua moja.

"Na utepe? Kisimani ulikuwa unapima nini?"

"Bibi alisema kina cha kisima ni sawasawa na ile kamba iliyofunga mashua zote za kisiwa. Nilitaka kuona ni mashua ngapi zingefungika."

"Zikafungika ngapi?"

"Mbili. Tena ziwe ndogo na zipendane."

Kicheko kilimpanda kooni, akakimeza. "Na viatu vyako je? Mbona havina vumbi?"

Kinasa akaangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza aviona. "Napanda pikipiki, mama. Na mama yangu alinifundisha kuvipangusa nikifika kwa watu."

Alisema ametumwa na maktaba ya mji. Inaweza kuwa kweli. Hata yule mgeni wa baba labda angesema maktaba. Sindano aliondoka akiwa amemwamini nusu, na nusu nyingine akaiweka akiba. Lakini njiani swali lilibaki likimng'ang'ania kama mbigili kwenye pindo: kama si yeye, ni nani? Maneno yalisemwa chumbani, mlango umerudishwa. Mlikuwa na watu wawili, na pazia.

Akasimama katikati ya njia.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi lake, miguu juu ya kibao.

"Mama," Sindano akasema, "siku ile kichwa kinakuuma, ulilala kweli?"

"Nililala kidogo."

"Na kidogo kingine?"

Bibi akatengeneza kitambaa chake mabegani. "Nilikwenda mashineni kusaga kesho yake. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu atakaa foleni bila kusema neno?"

"Mama! Kwa nini?"

"Kwa nini nisiseme? Ulikuja nyumba hii mwembamba kama ufagio, leo una mvi. Miaka yote hiyo mimi nasimulia, wewe unashona. Hujawahi kutoa hata moja ya kwenu. Nikawa najiuliza: huyu anatudharau, au kwao hawana cha kusema? Siku ile nikakusikia. Ilikuwa nzuri. Nilijisikia..." Akatafuta neno, hakulipata. "Nikaenda kuwaambia mashineni: mkwe wangu naye ana hadithi, tena kali kuliko zenu."

Sindano alikaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Angeweza kukasirika, lakini hasira ilikuwa imekwisha njiani.

"Mama, niliitunga."

"Uliitunga vipi?"

"Yote. Hakukuwa na mwanamke. Nilimshuku Kinasa, nikamtegea."

Bibi akashusha miguu kutoka kwenye kibao, mmoja mmoja.

"Ulipokuwa unanisikiliza mimi," alisema, "miaka yote. Ulikuwa unafikiri na mimi natunga?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye tena leo."

Sindano akaangalia miguu yake. "Ile kamba ya mashua zote. Hiyo kidogo."

"Hiyo sikuiona," bibi akasema. "Nilikuwa tumboni. Yote sikuyaona, nilizaliwa njiani. Mama yangu aliniambia, nami nikasema kama alivyosema. Labda na yeye aliongeza. Alikuwa anatembea na tumbo kubwa, ana njaa, anakataliwa kila kijiji. Kama aliongeza mashua moja mbili, mwache. Lakini niliambiwa. Wewe hukuambiwa na mtu." Kisha akauliza kwa sauti nyingine: "Yule mzee wa lori. Nimesikia alikuja. Atakwenda kuonyeshwa nini Jumamosi?"

"Ndiyo sababu nakwenda kwake sasa hivi."

"Nenda. Na vua huo mkufu wa pini shingoni, unaonekana umetoka kazini. Mtu asiambiwe jambo kama hilo na mtu aliyetoka kazini."

Dereva alikuwa uani kwake, anaosha viti. Alikuwa amevitoa vyote nje, vya kwake na vya kuazima, amevipanga kivulini vikauke kwa ajili ya wageni. Alipomwona Sindano alifurahi, akampa kimojawapo, bado kina maji.

Sindano hakukaa. Alisema yote wima: mgeni wa baba yake, nguzo na waya, Kinasa, kipande cheupe, mteja mwenye mwanya, mkasi. Hakujitetea. Alipofika kwenye mkasi akalisema haraka, kwa sababu alisikia jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo.

Mzee alikuwa ameshika kitambaa cha kuoshea. Maji yalimdondokea viatuni, hakusogeza mguu.

"Kwa hiyo hakuwa hapa."

"Sijui alikuwa wapi, baba. Mimi sijui lolote juu yake."

"Siku hizi chache," Dereva akasema, "nililala nikijua alipo. Unajua usingizi wa namna hiyo? Sikuwa nimeupata tangu niko mtoto." Akakamua kitambaa taratibu. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Ungepiga magoti mahali pasipo na mtu."

"Magoti ni yangu!" Sasa ile sauti ya lori ilitoka, na kuku wakatawanyika. "Magoti ni yangu, wewe yalikuhusu nini?" Kisha ikazimika. "Nenda nyumbani, mama. Si kwamba nakufukuza. Nenda tu."

Jumamosi ndugu walifika, kwa kuwa walishapanda magari na hapakuwa na namna ya kuwarudisha. Sindano aliwaona kwa mbali wakishuka, wanawake wawili wazee na vijana wao, nguo safi za safari. Alijua wataambiwa. Akafunga dirisha la upande huo, akaketi kushona, akasubiri laana.

Badala yake wakaja chumbani kwake, wote, Dereva mbele. Kinasa alikuwapo; alikuwa amekuja kumalizia na bibi habari za njiani. Chumba kikajaa, vijana wakasimama barazani. Mama mkwe alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alisogea kwenye benchi.

"Kijana," Dereva alimwambia Kinasa, "wasema unakusanya habari za watu wa kisiwa na wa uwanda. Mimi nina moja. Haina mwisho. Unachukua zisizo na mwisho?"

"Hizo ndizo nyingi, mzee."

"Bibi, kwanza wewe. Katika watu wenu waliokuja, kulikuwa na msichana wa uwanda? Mashoto? Usinionee huruma."

Mama mkwe alifikiri kwa muda mrefu, na Sindano, aliyemjua, aliona jinsi ulimi wake ulivyowashwa. Ingekuwa rahisi kwake. Neno moja tu, nilisikia, au labda, na wale wazee wangelibeba mpaka kaburini.

"Sikuambiwa," bibi akasema. "Mama yangu aliniambia mengi, hilo hakuniambia. Singeacha kulisema kama ningelijua. Mimi huwa sibaki na kitu."

Dereva akatikisa kichwa kukubali. Sindano alikuwa ameanza kuinuka ili awapishe, akanyoosha mkono kuchukua nguo aliyokuwa akiishona aende nayo nyuma.

"Wewe kaa," mzee alimwambia. "Mashine iache. Nataka usikie kila neno."

Akakaa. Na Dereva akaeleza. Alilitaja jina la dada yake, jina lililokatazwa nyumbani kwao, na mmoja wa wale wanawake wazee aliposikia linatamkwa alijifunika uso. Alieleza dada huyo alivyokuwa akimbeba, alivyokuwa akiiba maziwa na kusingizia paka, wimbo alioimba ng'ombe wakikataa kusogea. Wanawake wakamsahihisha, hakuwa akiiba maziwa, alikuwa akiiba siagi. Wakabishana. Kinasa hakuuliza swali hata moja. Mzee hakumwangalia Kinasa wala kinasa chake, wala Sindano. Aliangalia ukuta, pale kalenda ya mwaka uliopita ilipokuwa, na alipomaliza hakuaga, alivaa kofia tu akatoka, na ndugu zake wakamfuata.

Sindano alidhani mambo yameishia hapo. Kosa lake lilikuwa kudhani hadithi ni kama pindo, ukivuta uzi inafumuka yote.

Jumatatu alikwenda kisimani, akawakuta wanawake wamesimama na ndoo. Akawaambia wazi, kwa sauti ya kusikika: ile habari ya mwanamke aliyechimba ilikuwa uongo wake, msiirudie, amekosa, anaomba radhi.

Wakatazamana.

"Sawa, fundi," mmoja akasema kwa upole mwingi. "Tunaelewa."

"Mnaelewa nini?"

"Kwamba umekatazwa kusema."

"Nani amenikataza?"

"Sisi tutajuaje? Wewe ndiye uliyekatazwa."

Mwingine akaongeza, akipandisha ndoo yake: "Si wanakitaka kiwanja? Mwanamke wa watu akishajulikana kazikwa hapa, watajengaje soko? Lazima wakunyamazishe. Na Dereva naye kabadilisha maneno. Juzi analia, leo anasema hakuna kitu. Si bure."

"Jamani, niliitunga mwenyewe! Hata mwanya ni wa mtu, yuko hapa hapa mtaani!"

"Enhe," wakasema, na yule aliyekuwa karibu naye akasogeza ndoo yake kidogo, kidogo tu, mbali na ya Sindano.

Kufikia mwisho wa mwezi, ukoo mmoja wa nyumba za chini ulikuwa ukisema yule mwanamke ni nyanya yao, na ulikuwa umeanza kuwaita watu wa uwanda wajomba. Kinasa alikuwa amekwisha ondoka. Kuna waliosema alihamishwa, kuna waliosema alikimbia. Kiwanja hakikuuzwa, na jambo hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi. Dereva alipita dukani mara moja, akaacha koti lake lililopasuka kwapa, akasema atalifuata Alhamisi. Hakukaa, hakumwita mwanangu. Lakini mafundi wengine walikuwapo mjini, naye akaja kwake, na Sindano alilishona koti lile kwa mkono, polepole, wakati wateja wawili kwenye mlango walikuwa wakinong'onezana: ona, hata koti analishona bure, kuna kitu wanaficha hawa wawili.

Mama mkwe, kwenye benchi, aliwasikia. Akawageukia.

"Mnataka kujua kinachofichwa?" akasema. "Ingieni, kaeni. Nitawaambia nilichoambiwa, na nikifika pale ambapo sikuambiwa nitanyamaza."

Wakaingia mbio. Bibi akaanza na maji yalivyopanda maghalani, na alipofika kwenye mashua alisita, akamtupia Sindano jicho, akasema zilikuwa zimefungwa kwa kamba, nyingine zimefungwa, nyingine hapana. Wale wateja wawili wakatikisana viwiko. Walikuwa wameisikia ile hadithi tangu utoto, na sasa walijua kwa hakika kwamba hata bibi amekatazwa kusema.